Mtu Aliye Barabarani

Kwa watu wa familia ya Pétronille, mtu aliye barabarani haambiwi habari ya kifo. Anaachwa afike, anakalishwa, anapewa maji, ndipo wakubwa wanaposema. Desturi hiyo ilianzia Likasi, kwao Kongo, enzi ambazo dereva aliyepewa habari mbaya njiani aliweza kuliingiza lori mtoni, ikahamia Brussels bila kuchakaa hata kidogo. Pétronille aliijua tangu utoto. Kosa lake ni kwamba aliianza mapema, mama yake akiwa bado hai.

Kaka yake, Kabamba, alikuwa ameendesha basi la mji miaka ishirini na sita, kutoka taa nyekundu hadi taa nyekundu, na ndoto yake ilikuwa moja tu: kuendesha mahali pasipo na taa. Alipostaafu akakodi kule Amerika gari lenye nyumba ndani, lile ambalo Wabelgiji huliita mobilhome, lenye kitanda, jiko na choo chake, azunguke nalo jangwani Arizona na Utah wiki tatu pamoja na mkewe, Keren. Jumapili kabla ya safari alikuja mtaa wa Saint-Gilles kumuaga mama yao, aliyekaa kwa Pétronille. Maman Mathilde alikuwa na miaka themanini na miwili, na ulimi wake ulikuwa bado wembe. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Vumbi ya Likasi haikukutosha? Unaenda kulipa juu ya kuona ingine? Kaburi ya papa yako, miaka kumi na mbili haujaifika. Bon. Enda."

Akageukia dirisha. Kabamba alimbusu juu ya kitambaa cha kichwani, akangoja kidogo kama atageuka, kisha akaondoka.

Wiki ya pili ya safari mama akaugua mapafu. Daktari wa hospitali hakuzunguka mbuyu: alisema ni siku tatu, pengine tano. Pétronille alishika simu ampigie kaka yake, na Tonton Sylvestre, mdogo wa marehemu baba yao na mkubwa wa familia nzima ya Brussels, akamzuia mkono.

"Weye, unataka kumuua? Iko anaendesha ile nyumba mu milima, peke yake na bibi yake. Hapana mwambia. Afike kwanza."

"Tonton, lakini maman hajakufa."

"Justement, njo maana. Mumuache atembee muzuri."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Pétronille alikuwa na miaka hamsini na minne ya kusikia la mkuu. Akatii. Nami simlaumu sana, maana kutii ni kazi nyepesi kuliko zote mpaka siku ya kulipa.

Picha za jangwani zikawa zinaingia kwenye simu ya Pétronille. Miamba myekundu kama matofali yaliyosahauliwa tanuruni. Barabara iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Keren akikaanga mayai mlangoni pa gari, na nyuma yake hakuna hata mti. Maman Mathilde alizisogeza zote karibu na pua.

"Njo pale iko? Hakuna hata muntu mumoja! Anakulaka nini?" Halafu, kila mara: "Amepiga?"

"Hakuna réseau ya kupiga simu, maman, picha tu njo zinapita. Ni jangwa."

Jumanne saa kumi jioni, asubuhi huko jangwani, simu ya Pétronille ikalia kando ya kitanda. Mama alikuwa macho.

"Pétro," alisema Kabamba, "nipe maman nimusikie."

"Analala."

"Ni nani?" mama akauliza kutoka kwenye mto.

Pétronille akaifunika simu kwa kiganja. Angesema ni Kabamba, mama angenyoosha mkono, na ile sauti iliyobaki nyembamba kama uzi ingemwambia mtoto wake yote. Angegeuza gari saa hiyohiyo. Angelikimbiza pembeni mwa yale mabonde, akilia, na usukani mkononi. Pétronille aliliona gari likianguka kabla halijaanguka.

"Ni ya kazi, maman."

"Ah, bon," mama akasema, akafumba macho.

Akaondoa kiganja. Halafu Kabamba akasema, "Bon. Umusalimie," na simu ikakatika.

Alhamisi asubuhi Maman Mathilde akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Jambo la mwisho alilouliza ni kama réseau imerudi.

Sasa desturi ikashika zamu yake halali. Kanisa lao la Molenbeek likaonywa asiweke mtu picha ya marehemu popote mtandaoni. Mazishi yakangoja. Na kila alasiri, kwenye simu ya mama iliyokuwa mfukoni mwa aproni ya Pétronille, ikaingia sauti ya Kabamba iliyorekodiwa.

"Maman, leo tumelala kando ya bonde moja, Mungu wangu, refu!"

Kesho yake: "Maman, hata kama hautaki kunijibu, sikia tu."

Na siku ya mwisho: "Nikirudi tunaenda Likasi, weye na miye, kwa papa. Nilikosa. Unijibu hata neno moja."

Pétronille alizisikiliza jikoni, shangazi zake wakimenya vitunguu, kisha akairudisha simu mfukoni.

Jumanne iliyofuata wakaenda uwanja wa ndege, Zaventem. Mkongomani yeyote anaijua hesabu ile: akija dada yako peke yake, umepokelewa, ikija familia nzima pamoja na mchungaji, umefiwa. Kabamba alitoka akisukuma mizigo, uso umeungua na jua, akawaona wote kumi na wanne. Akavua kofia.

"Ni maman."

"Mutoto, ukae kwanza," akaanza Tonton Sylvestre, chupa ya maji mkononi.

Hakukaa. Alimtazama dada yake.

"Jumanne ile nilimusikia. Aliuliza ni nani. Nikajua maman hakuwa analala. Nikasema, bado ana kasirani juu ya Likasi, hataki kunisikia, na weye unamufichia." Akamsogelea. "Pétro, amekufa na ile kasirani?"

Tonton Sylvestre alimkonyeza Pétronille. Kulikuwa na uongo mtamu pale, tayari, wa kumfaa kila mtu: kwamba mama alilala tu, akaenda kwa amani. Lakini alikuwa amechoka, na alimpenda kaka yake.

"Hakukukatalia," alisema. "Kila siku alikuwa anakuulizia. Alikufa anakuulizia. Ni miye nilimwambia ni ya kazi. Ni miye nilimwambia kule hakuna réseau."

Keren akaanza kulia. Kabamba alitoa simu yake mfukoni, akaiangalia kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Na zile sauti zangu?"

"Ya kwanza ilifika kisha ya lufu, maman amekwisha kufa. Hakusikia hata moja."

"Réseau ilikuwa, Pétro," alisema polepole. "Kila siku ilikuwa."

Ndipo akakaa, juu ya sanduku lake mwenyewe, na Tonton Sylvestre akamfungulia maji.