Viazi vya Sikukuu ya Mavuno

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Trizah aliweka kompyuta yake juu ya kiti cha plastiki ndani ya kanisa moja la Free Area, Nakuru, akaanza kufundisha viazi vya katuni kucheza. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza matangazo ya maduka ya dawa za mifugo, ng'ombe anayetabasamu na mengine kama hayo, kwa hiyo viazi havikumtoa jasho. Aliongeza mahindi, kabichi na malenge moja, kwa sababu sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia na kanisa lilikuwa limenunua skrini kubwa kama ukuta. Programu yenyewe haikuwa na maneno mengi. Unaichagulia sauti ya kusikiliza. Sauti ikipanda vitu vinaruka, ikishuka vinatulia. Trizah aliichagulia kwaya.

Malipo hakuomba. Mzee Masinde, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alimwambia kwamba akiwatengenezea picha hizo, wao nao wataangalia mambo ya mdogo wake. Mdogo wake huyo, Edinah, alikuwa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, mahali kanisa hilo huwaweka wasichana waliopata mimba bila ndoa. Anayekaa pale haimbi, hashiriki meza ya Bwana, wala hasalimiwi kwa mkono. Zamani Edinah aliimba sauti ya kwanza, na ubeti wa tatu wa wimbo wa mavuno ulikuwa wake peke yake tangu amalize shule. Hakutaka kitu kingine duniani ila kurudishiwa ubeti huo kabla ya sikukuu. Aliyempa mimba alijulikana na kila mwenye macho, na kwa hiyo hakutajwa.

Mwalimu wa kwaya, Peterson, alipunga mikono. Kinanda kikalia, sauti nene zikatikisa mabati. Viazi havikutikisika. Trizah alikagua nyaya, akazima, akawasha, wapi. Kwaya ilipotoka nje kunywa maji na kanisa likawa kimya, viazi vikaanza kuruka vyote kwa pamoja, haraka haraka na bila kukosea. Trizah alizunguka na maiki akitafuta kilichovirusha, akakipata benchi la nyuma, tumboni mwa Edinah. Ulikuwa moyo wa mtoto.

Mzee Masinde aliletwa kuona. Alisema ni sawa, mradi viruke. Akaagiza maiki ifungwe kwenye lile benchi, lakini isiunganishwe na spika, Edinah asije akajisahau akaimba.

Jumapili watu walifurahia viazi kweli kweli. Kisha Mwalimu Peterson alitoka kwenye kinanda akaenda upande wa mimbari, na viazi vikahama naye. Aliporudi, vikarudi. Alipoketi pembeni kufuta jasho, vilisongamana kwenye kona iliyokuwa karibu naye, kama watoto waliosikia baba amefika getini. Malenge, kwa uzito wake, lilifika la mwisho. Watu walitazama skrini, wakamtazama mwalimu, wakatazama viatu vyao. Mke wa mwalimu alifungua Zaburi akasoma.

Wazee waliitisha kikao na Trizah akaambiwa aje. Aliwaambia waziwazi kwamba vitu vile vinamjua baba yao.

"Tumeona, Trizah. Sisi si vipofu," Mzee Masinde alisema kwa upole. "Lakini mavuno iko karibu, na kwaya haiwezi kaa bila mwalimu. Tumbo ya Edinah inaonekana. Ya Peterson iko wapi?"

Kisha wakazungumzia jinsi ya kuvituliza viazi. Mzee mmoja alipendekeza Peterson asimame katikati kabisa ya skrini, ili visiwe na haja ya kwenda popote. Hoja ilipita. Husemwa nyani haoni kundule; hawa waliliona vizuri sana, wakalisogezea kiti.

Trizah alifika nyumbani akitaka kufuta kazi yote. Edinah ndiye aliyemzuia. Alimwambia picha zikiondolewa, mambo yake hayataangaliwa tena na mtu yeyote. Trizah akaziacha.

Mtoto alizaliwa wiki ya sikukuu, msichana. Jumapili ya mavuno madhabahu ilijaa viazi vya Kuresoi na kuku waliofungwa miguu, lakini kwenye skrini hakuna kilichosonga. Akina mama wawili walitumwa nyumbani kwa akina Edinah. Edinah aliposikia anaitwa, alivaa sare ya kwaya aliyokuwa ameipiga pasi tangu mwezi uliopita, akaja nao upesi, ingawa bado alitembea kwa shida. Mlangoni walimpokea mtoto, wakamwomba yeye abaki nje, kwa kuwa adhabu yake ilikuwa haijaondolewa, naye alikuwa amevaa sare.

Viazi viliruka. Trizah, akiwa mezani pake, alichomoa waya wa maiki, halafu akazima kompyuta. Vikaendelea kuruka vilevile, huku Peterson amesimama katikati, mikono juu, na mchungaji akimshukuru Mungu kwa teknolojia.

Ibada ilipokwisha, Trizah alimbeba mtoto akamtoa nje. Edinah alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Alilia?"

"Hapana."

"Na verse yangu, nani aliimba?"

"Hakuna mtu. Mwalimu aliiruka, wakaingia ya nne."

Edinah akafungua vifungo vya sare, akaanza kumnyonyesha mtoto palepale, kwa sababu ibada ya pili ilikuwa karibu kuanza na akina mama walikuwa wameomba mtoto aletwe akiwa ameshiba.