Farasi wa Kamati ya Maji

Lori la korosho lilikuwa limeshaanza kutembea kuelekea Masasi, fundi Alfredi akiwa amekaa juu ya magunia, pale Dorika alipolifikia akikimbia na ndoo tupu mkononi.

"Fundi! Kamati wameikubali hesabu yako?"

"Wameikata, Mama Nuria!" Alfredi akapaza sauti. "Pampu ni ya nguvu za farasi watano. Kila farasi ni wati mia saba arobaini na sita. Lakini pampu ikianza kuzunguka inavuta mara tatu. Nikaandika jenereta ya farasi kumi na watano. Mwenyekiti kaandika watano!"

Mengine yalimezwa na vumbi.

Dorika alikuwa akiteremkia maji bondeni tangu utotoni, hata shingo ikaingia mabegani. Mwaka ule biashara ilikuwa imeachiwa huru, korosho inanunuliwa na yeyote mwenye mizani na maneno matamu, na kila kaya ya kijiji kile cha ukingoni mwa Newala ilikatwa gunia moja ili maji yapandishwe juu. Dorika aliyataka kabla mwanawe Nuria, mwenye mimba ya miezi saba, hajateleza kwenye ile njia.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Lucian, mwenye kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa na wino. Kikaoni alimwambia fundi, "Kumi na watano? Kwani tunakwenda vitani? Pampu imeandikwa watano." Kisha akaongeza kwenye orodha friji lake, televisheni, deki ya video na pasi. Fundi alipotaka kuipigia pasi hesabu, Lucian alimkatiza. Pasi ni kitu kidogo, alisema, inashikwa kwa mkono mmoja.

Jenereta ilifika Jumanne. Lucian akazungusha hendeli, ikakohoa mara mbili, na kwenye bomba la moshi wakatoka farasi watano, mmoja mmoja, rangi ya majivu, mbavu nje, wananuka dizeli. Hakuna kijijini aliyewahi kuona farasi. Lakini karatasi ilisema watano, wakahesabiwa, wakawa watano, na Lucian akatia saini.

Wakafungwa kwenye pampu. Pampu ikanguruma, farasi wakapiga magoti, wakalala. Basi wakapelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, ambako wawili walivuta friji na mmoja televisheni na deki. Pasi ilipowashwa, wa nne na wa tano walianguka kifudifudi, na shati la mwenyekiti likabaki na mikunjo.

Baada ya hapo wakaona kiu. Kila mmoja ndoo nne kwa siku. Lucian akaitisha mkutano.

"Akina mama, hawa ni mali ya umma. Bila maji hawana nguvu, na bila nguvu yao hampati maji. Hesabu nyepesi tu."

"Hesabu ya nani, mwenyekiti?" Dorika akauliza.

"Ya kamati."

"Na watatupandishia maji lini?"

"Wakishashiba, Mama Nuria. Haraka ya nini?"

Nuria akasimama, ameshika kiuno. "Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba."

"Si wateremke wenyewe wakanywe? Sisi tuna miguu miwili, wao wana minne."

Akina mama wakacheka. Lucian hakucheka.

"Ile njia ni mbaya," alisema. "Wanaweza kuvunjika."

Ikapangwa zamu ya ndoo ishirini. Lucian aliiandika kwa ile kalamu yenye wino.

Alfredi sasa yuko Ndanda, anachomelea baiskeli, na hapigi hesabu kwa ajili ya kamati yoyote. Lucian ni diwani. Jenereta iliishiwa dizeli msimu uleule, lakini farasi hawakuondoka. Wamenenepa, na hulala kivulini mwa ukuta wa Lucian. Deki imekufa, friji linatunza mbegu za karanga, pampu iko bondeni na imeota kutu. Dorika bado anateremka. Nuria alijifungulia mteremkoni, kona ya pili, akiwa na ndoo ya farasi wa tatu; ndoo haikumwagika, na kamati ikaliandika hilo kwenye kumbukumbu zake. Mtoto ni wa kike, mzima. Wakamwita Sijaona. Ana miaka sita, na ana ndoo yake ndogo.