Mstari wa Safu ya Mwisho

Mstari ulikuwa umekaa vizuri tangu asubuhi. Ulipita ndani ya mabano kutoka upande hadi upande, ukaitenga safu ya mwisho ya matrisi, lile jedwali la namba, na zile za juu yake, bila kugusa namba hata moja. Adeline aliutazama kwenye kompyuta, akasikiliza mvua juu ya mabati, kisha akafuta zile nafasi ndogo alizokuwa ameziweka kabla na baada ya amri ya kuuchora mstari. Mara kila kitu kikabanana. Namba za chini zikaugusa mstari kwa vichwa, kama watu waliosimama chini ya dari fupi.

Akapiga picha, akamtumia Kamate huko Mongbwalu. «Ona, ligne inagusa namba. Nifanye nini?»

Walikuwa wamesoma hesabu pamoja hapa Bunia, kompyuta moja kwa wawili, mpaka Kamate alipopata kazi ya kufundisha na kuondoka. Tangu hapo Adeline hakujua kumwandikia bila sababu. Ni swali tu lililompa ujasiri. Na sasa mémoire yake, andiko la kumalizia masomo, ilikuwa imekwisha. Kesho angeipeleka kuchapwa, na maswali yangeishia hapo.

Simu ikalia.

«Prof, uko unanichekelea?» Nyuma ya sauti ya Kamate pikipiki zilinguruma. «Hii ligne si weye ulinifundisha? Ulinigombeza hata: ‹Acha namba zipumue, Kamate!›»

Uso ukamwaka moto, ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kumwona.

«Allô? Uko?»

«Niko.»

«Basi uliza swali ya kweli.» Sasa hakuwa akicheka.

Adeline akaangalia kiti cha pili, ambacho siku hizi kilikaliwa na nguo zilizotoka kukauka.

«Utarudi lini?»

«Banatuongezea madarasa mwaka huu. Nimepata na nyumba. Nazani nitabakia huku, Adeline.»

«Ni vizuri.»

«Siku moja ukuje kutembea.»

«Ndiyo,» alisema. Alishukuru kwamba mvua ilikuwa na kelele.

Simu ilipokatika, alirudisha nafasi, moja juu ya mstari, moja chini. Namba zikaachana nao. Ulikuwa mzuri kweli, na hapakuwa na wa kumwonyesha. Akahifadhi kazi, akavuta kiti cha pili karibu, akaanza kukunja nguo.