Maji ya Yaya Tshala

Mianda alikuwa amechemka kwa hasira tangu asubuhi, na kila hodi ilizidi kumwongezea kuni. Mumewe Mukuna alikuwa amerudi nyumbani Kamina kutoka China, alikokwenda kununua vitenge kabla saratani ya tumbo haijamwangusha hukohuko, na sasa ukoo mzima ulitaka kumgusa. Walileta samaki wakavu, walileta kuku. Mianda aliwakalisha uani, nje ya mlango, akawaeleza kwa upole uliomuuma meno.

Saratani ilikuwa imetoka tumboni ikaingia kwenye ini, mahali ambapo kisu kisingeweza tena kuifuata. Madaktari wa huko waliokuwa wakijaribu tiba mpya walitoa katika damu ya Mukuna chembe zinazolinda mwili, wakazifundisha kuutambua uvimbe ule, wakazizidisha. Kabla ya kumrudishia, walimpa dawa kali ya kufagia chembe za zamani ili hizi zipate nafasi. Uvimbe ulikuwa umepungua, ingawa haujaisha. Lakini kinga yake ya kawaida ilikuwa bado haijarudi, na mafua tu ya mtu mwingine yangeweza kumpeleka kaburini.

Mulumba, mdogo wake Mukuna, akacheka, akizifananisha chembe zile na askari. "Banamutiya basoda bapya mu damu, na ataogopa kikohozi? Shemeji, weye unatuficha muntu."

"Basoda bale banajua adui moya tu," Mianda akamjibu. "Kwa bengine bote, ndugu yenu haina mulinzi."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka kwenda kwake.

Ndipo akafika Yaya Tshala, dada mkubwa wa Mukuna, ndiyo maana ya yaya kwao, ametoka Kabondo-Dianda kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Ndiye aliyemlea Mukuna tangu ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa kwenye miji ya migodi wakalala stesheni wakingoja treni, na mama yao akafia palepale. Hakutaka kiti. Aliomba maji katika kikombe, na wote wakajua ni ya nini. Mkubwa huyatia mdomoni, akamnyunyizia usoni ndugu aliyetoka katika ugonjwa, akamtamkia uzima. Kwao, asiyenyunyiziwa ni kama bado yuko njiani.

Kisha Yaya Tshala akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja mgongo.

"Ni vumbi," akasema.

Mianda alisimama mbele ya mlango. Akamwomba atamke baraka akiwa hapo nje, kwani Mungu hahitaji mate ya mtu ili asikie. Alijua kwamba neno hilo la mwisho lilikuwa kali, lakini lilikwisha kutoka.

"Minyi njo nilimubeba ku mugongo mpaka humu," Yaya Tshala akasema taratibu. "Weye ulikuwa wapi?"

Swali hilo likamzidishia Mianda hasira. Mara sauti ya Mukuna ikatoka ndani, ikimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mama Lise, acha Yaya aingie. Minyi siko maiti." Nyayo zake zikasikika zikija.

Hapo hasira yake ikageukia kwa mumewe. Miezi yote ile ya sindano, ya homa, ya kutapika, na leo anataka kufa kwa ajili ya adabu. Mianda akauvuta mlango, akaufunga kwa ufunguo, akaufunga ufunguo katika pindo la kitenge chake. Moyoni akasema: Bwana, unisamehe hasira hii, lakini usiniondolee bado.

Yaya Tshala akayatia maji mdomoni. Watu walidhani atanyunyizia mlango, na Mianda mwenyewe alisogea kando kumpisha. Yule dada akamtazama, mashavu yamejaa, akayameza.

Hakuna aliyewahi kuona baraka ikirudishwa tumboni. Mulumba aliinamisha kichwa, mzaha umemwisha. Yaya Tshala aliweka kikombe chini, akaondoka, na watu wakamfuata mmojammoja bila kuaga.

Mukuna akaupiga mlango kwa ngumi. "Umeninyima baraka ya dada yangu. Akikufa kesho, minyi nitafanya nini?"

"Utamulilia," Mianda akasema. "Maiti haimulilie muntu."

Akaegemeza mgongo mlangoni. Kila pigo lilimfikia mbavuni, na hakufungua.