Noti Zisizo na Mkunjo

Mama dobi alikuwa anamalizia ukosi wa shati la mwalimu mkuu wakati mwanawe alipoingia kwenye chumba cha pasi na kutupa bahasha juu ya meza, bila hodi wala shikamoo. Alikuwa mtu mzima, ana mke na kitambi, ila kwa mama yake alikuwa akiingia kama afisa aliyekuja kufunga duka. Mtaani walimwita Bwana Noti, kwa sababu alikusanya noti za kale, zile za enzi za wakoloni kusini mwa Afrika, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na ng'ombe upande wa pili.

"Zinyooshe," alisema. "Moto mdogo. Ukiziunguza, usinijue."

Noti zilikuwa zimekunjwa na kukunjwa tena mpaka mistari imepauka. Mwanawe alimweleza, kama anayemweleza mbuzi, kwamba noti za namna hiyo ni takataka. Waliolipwa noti hizo walikuwa wachimbaji wa migodi na wakata tumbaku. Walizikunja zikawa vipande vidogo wakazificha kwenye soksi na ndani ya upindo wa suruali, maana msimamizi aliwapekua getini na alichokiona alikichukua. Mnunuzi hataki habari za soksi za mtu. Anataka noti iliyotoka benki ikalala, haikupita mkononi mwa yeyote. Bei ya noti hiyo watu huitaja kwa kunong'ona. Kwa hiyo hizi zitanyooshwa, na zitauzwa kama hazijawahi kukunjwa.

Mama alimwambia kwamba huo ni wizi. Akajibiwa kwamba yeye aliishia shule ya msingi, mambo ya wizi awaachie waliosoma.

Akatandaza kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi taratibu. Mkono wake ulikuwa mzuri. Noti ya kwanza ililala imenyooka kama imetoka kiwandani juzi, na mkunjo wake ukahamia kwa mwanawe. Ulianzia katikati ya paji la uso, ukashuka puani, ukagawa kidevu, ukaingia ndani ya shati. Mama akamwonyesha. Mwanawe akaupitishia kidole, akasema ni joto la chumba, aendelee na kazi.

Noti zilivyozidi kunyooka ndivyo alivyozidi kukunjika. Kabla ya wiki kwisha alikuwa anakaa mezani amekunjwa nusu kwa nusu, kifua juu ya magoti. Mkewe alimsogezea sahani chini, akasema afadhali, kitambi sasa hakionekani. Daktari akaitwa. Alimgeuza huku na huku, akasema mapafu ni mazima, mikunjo ni ya zamani, haikuanzia kwake. Akaandika vidonge vya maumivu.

Akakunjika tena, na tena. Kwanza alitosha kwenye droo ya soksi, halafu akatosha kwenye mfuko wa shati. Uzito haukupungua. Mkewe alipombeba kumpandisha ghorofani ilibidi apumzike katikati ya ngazi, akimlaumu. Mumewe alikuwa na harufu ya viatu vya mtu mwingine, na kila viatu vizito vilipopita mlangoni alijibana akanyamaza kama anayengoja kupekuliwa. Vikishapita, aliendelea kuwagombeza mkewe na mama yake.

Mama hakuwa na mtoto mwingine. Siku mkwewe alipokwenda sokoni, alikwenda kwao na pasi yake, akamtoa mwanawe kwenye droo, akamlaza mezani, akamfunika kile kitambaa na kumfungua kwa pasi, kuanzia mabegani, kama anavyofungua mashati yaliyokaa sana kwenye rundo. Mwanawe alisimama wima, mzima, kichwa karibu na taa. Akapiga miayo, akasema, "Mama." Tangu aoe hakuwa amelisema neno hilo bila kuongeza jingine baya.

Ndipo albamu aliyozipanga noti zilizonyooshwa ikaanza kuchakarika kabatini. Ndani ya mifuko ya plastiki noti zilikuwa zinajikunja, moja baada ya nyingine, mpaka kila mfuko ukabaki na kidonge cha karatasi.

"Umenifilisi," alisema. "Mnunuzi anakuja kesho."

"Sikukuzaa ukae kwenye droo."

"Ulinizaa maskini. Mimi najirekebisha."

Akamwamuru azinyooshe upya. Mama alichomoa waya ukutani, akasema mkono wake haufanyi tena, hata akimwita polisi. Mwanawe hakumbembeleza. Alimngoja mkewe arudi, akampa pasi. Mkewe aliungua kidole akatukana ukoo mzima, lakini alifanya. Bwana Noti alisimama kando akimwelekeza, usibonyeze, sasa geuza, mpaka mdomo nao ulipokunjwa.

Mnunuzi alikuja na glavu nyeupe na lenzi. Aliinua kila noti kwenye mwanga wa dirisha, akasema hajaona noti safi hivi, utadhani hazijawahi kumjua binadamu. Akalipa. Mkwe alimletea chai, mgeni akatafuta mahali pa kuweka kikombe. Akakiweka juu ya Bwana Noti, aliyekuwa ukingoni mwa meza, mnene na imara kama kipande cha sabuni. Chai ilikuwa ya moto.

Mnunuzi alisema anajua mahali penye sanduku zima la noti za namna ile. Ubaya wake, alisema, zimekunjwa vibaya sana, hata uso wa mfalme hauonekani.

Alipoondoka, mama alikiinua kikombe na kumfuta mwanawe chai iliyommwagikia. Alitafuta ukingo wa kumfungulia, lakini mikunjo ilikuwa imeshikana, hata ukucha haukupenya. Akamkalisha kwenye mapaja, akainama, akamuuliza kama anasikia njaa.

Kutoka ndani, sauti ndogo ilimuuliza hilo sanduku liko wapi.