Zimeshuka

Mume wangu alikuwa seremala, na moyo wake ulichoka kabla yake. Miguu ilivimba, kulala chali hawezi. Mwaka mzima nyumbani kwetu tuliombea neno moja: kushuka. Presha ishuke, uvimbe ushuke, kilo za maji zishuke. Kikishuka chochote, tunashangilia.

Kisha wakamwanzishia dawa mpya ya moyo. Ndani ya mwezi alirudi kwenye randa, akaanza na kunitania kwamba meza ya cherehani yangu inayumba kama mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, damu ipimwe kila wiki. Hatukuuliza kwa nini. Mgonjwa akipata nafuu, nani ana muda wa maswali?

Jumatatu moja muuguzi alipiga simu. Nilikuwa nashona sare za shule, mashine inaunguruma, mteja amesimama mlangoni.

"Mama, majibu ya mzee yametoka. Chembe nyeupe zimeshuka sana."

"Zimeshuka? Mungu mkubwa! Ahsante, mwanangu!"

Nikakata simu. Jioni nilimwambia mume wangu majibu ni mazuri. Akacheka, akameza kidonge chake.

Alhamisi koo likamuuma. Ijumaa mdomo ulijaa vidonda na mwili ulikuwa moto. Hospitalini daktari alinieleza polepole: dawa iliyousaidia moyo imeuzuia uboho, ule ulio ndani ya mifupa, kutengeneza chembe nyeupe za damu. Hizo ndizo zinazopigana na maradhi, na mume wangu alikuwa karibu hana kabisa. Dawa ingesimamishwa Jumatatu, pengine wangemuwahi.



Jioni mume wangu aliniita kwa kidole, maana kumeza mate tu kulimliza.

"Kwenye simu walisema majibu mazuri, sivyo?"

Muuguzi alikuwa pale pale, anabadilisha dripu. Sauti yake nilishaitambua, ndiye aliyenipigia.

"Ndiyo," nikasema. "Walisema mazuri."

"Basi huyo aliyepiga ndiye ameniua. Mzembe mkubwa."

Yule muuguzi alinitazama. Niliogopa atasema, nikatamani aseme. Akamfunika shuka vizuri, akamuuliza kama anasikia baridi, akatoka.

Mume wangu alikufa kesho yake asubuhi, amemchukia mtoto wa watu kwa ajili yangu.