Boti Iliyoitwa Ikarudi

Scolastica, jirani yake Deodata pale Mabawe, anaapa kwamba boti ile iliitwa ikaitika. Anasema Deodata alisimama ukingoni mwa bwawa la kunyweshea ng'ombe akapaza sauti, "Rudi nyumbani wewe!" na boti ikageuka kama mbwa aliyesikia sufuria.

Kuita, kweli aliita. Angeachaje, naye alikuwa ameweka dau jogoo wa mama yake, jogoo wa kuwachinjia wakwe wanaokuja Jumapili, na mama hana habari?

Boti zenyewe ni soli za ndala, mota ya redio mbovu nyuma, pezi la bati chini. Sharti la mashindano: boti ivuke bwawa, irudi, ya kwanza kufika inachukua jogoo wa mwenzake. Kila mtu alifunga pezi nyuma, katikati, kwa hiyo boti zilinyooka mpaka ng'ambo zikagonga matope, na mwenyewe akazunguka bwawa mbio kwenda kuigeuza. Ndiyo maana kila mara alishinda Kazimili, kijana mwenye miguu ya korongo.

"Dada Deo, utakimbia na kitenge hicho?" akamchokoza. "Jogoo wako nimeshamkatia vitunguu!"

"Vitakutoa machozi, kaka. Wako yuko wapi?"

Asubuhi nyingi, wenzake wakiwa shambani, Deodata alikuwa amejaribu boti yake peke yake. Pezi mbele kabisa, ikazunguka palepale kama mlevi. Pezi upande wa kushoto, karibu na katikati, ikapinda polepole, kona pana.

Zikaachiwa. Ya Kazimili ikachomoka, naye akatimua mbio. Ya Deodata ikapita katikati, ikainama kushoto, ikagusa ukingo wa ng'ambo huku ikipinda.

"Inarudi! Jamani, inarudi!"

Hapo ndipo Deodata alipoita, akirukaruka, kitenge kimelegea, anacheka mpaka mbavu zinauma. Boti ikaja ikamgonga kidole cha mguu. Ng'ambo, Kazimili yumo matopeni, anavuta yake.

Deodata akarudi nyumbani na majogoo wawili, anacheka njia nzima. Mlangoni akamkuta Scolastica, naye ana jogoo kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika huyu." Akamsukumia jogoo. "Mume wangu, Baba Methusela, alivuka mpaka pale Rusumo na malori, tangu mavuno ya maharage sijamwona. Boti umeiita ikaja. Niitie na yeye."

Kicheko kilikuwa bado mdomoni. Deodata akatazama boti mkononi mwake, kidole gumba kikilipapasa pezi lililoirudisha.